Mtwara na Cabo Delgado: tuchague ushirikiano wa aina gani?

Kiangazi kikikaza, mto Ruvuma pale Kilambo, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, hutoa mgongo. Mchanga huibuka katikati ya mto, mitumbwi huzunguka kutafuta mkondo, na mama mwenye ndoo ya chumvi huteremka kabla ya kufika ng'ambo, akajitwika ndoo na kumalizia safari kwa miguu, kanga ameikunja hadi magotini. Anakwenda kwa shangazi yake. Chumvi ataiuza njiani, ndiyo nauli ya kurudia. Kwenye pindo la kanga amefunga shilingi na meticais, fedha ya Msumbiji, pamoja. Ukimwuliza anakwenda nchi gani, atakutajia jina la kijiji.

Nimeanza na huyu mama kwa sababu ndiye tunayemsahau kila tunapokaa kuzungumzia ushirikiano wa mikoa ya mpakani. Mpaka wenyewe aliukuta. Mjerumani na Mreno waliufuatisha mto mwaka 1886 wakiwa mbali sana na mto wenyewe, na hata hapo hawakutulia: Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, Mjerumani aliishika mwaka 1894, Mreno akaichukua 1916. Watu wa Kionga hawakuhama. Kimakonde kilibaki Kimakonde, Kimakua kikabaki Kimakua, na Kiswahili kikaendelea kusikika hadi Palma na Mocímboa da Praia.

Sasa hoja iko mezani kwa madiwani, kwa vyama vya wafanyabiashara, hata kwenye mabaraza ya kahawa Mikindani: Mtwara na jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, washirikiane kwa utaratibu gani? Njia ziko nyingi duniani. Nitazitazama nne: vikao vya ujirani mwema tulivyonavyo, ushoroba, yaani ukanda wa maendeleo, unaoongozwa na serikali kuu, baraza la kudumu kama walilonalo majimbo ya Marekani na Kanada, na chombo chenye nafsi yake ya kisheria kama wanavyofanya Ulaya. Naegemea baraza la kudumu, dogo, lililoota kutoka kwenye vikao vya ujirani mwema. Nalisema mapema ili usome ukijua nilikosimama, na unipinge pale utakapoona nimeteleza.

Nani ana kalamu ya kusaini

Kabla ya kulinganisha lolote, tujue mipaka ya watu wetu. Kwa Katiba yetu, ibara ya 61, Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais na ni mwakilishi wa Serikali Kuu mkoani. Mikataba na nchi nyingine inayohitaji kuridhiwa huenda bungeni, ibara ya 63. Uhamiaji ni wa taifa, forodha ni ya taifa, ulinzi ni wa taifa. Halmashauri ina ushuru wake, masoko yake, zahanati zake, shule zake na sheria ndogo zake. Basi.

Ng'ambo nako kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Tangu uchaguzi wa mwaka 2019, gavana wa jimbo Msumbiji hupatikana kwa kura, akiwa kinara wa orodha ya chama iliyoshinda kwenye bunge la jimbo. Lakini pembeni yake yuko Katibu wa Dola wa jimbo, anayeteuliwa na Rais, akisimamia mambo ya serikali kuu. Kwa hiyo Mkuu wa Mkoa wa Mtwara akivuka mto kwenda kuonana na mwenzake, wenzake ni wawili. Ukizungumza na gavana peke yake kuhusu watu kuvuka mto, umezungumza na mtu ambaye jambo hilo haliko mkononi mwake. Ukizungumza na Katibu wa Dola kuhusu zahanati, huenda umemruka mwenye zahanati.

Wengine nao wamefungwa vivyo hivyo. Majimbo ya Marekani hayaruhusiwi kuingia mikataba ya kimataifa. Walipotaka kulinda maji ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini yasihamishwe kwenda nje ya bonde, majimbo manane ya Marekani yalifunga mkataba baina yao, Bunge la nchi likauridhia, ukaanza kutumika Desemba 2008. Ontario na Quebec za Kanada hazikuweza kuingizwa humo. Dawa ilikuwa makubaliano ya pembeni ya mwaka 2005, ya nia njema, kisha kila jimbo likaenda kutunga sheria ya kwake inayofanana na ya mwenzake. Hakuna aliyembana mwenzake mahakamani, na kazi ilifanyika. Somo hili ndilo la kubeba: penye katazo la mkataba, kila upande hufanya kwa mamlaka yake kile walichokubaliana.

Vikao vya ujirani mwema

Hivi tunavijua. Viongozi wa upande mmoja wanavuka, wanapokewa kwa ngoma, wanakaa, wanajadili ulinzi, uvuvi, mifugo, magendo, wahamiaji. Jioni kuna maazimio. Faida yake kubwa ni wepesi. Hakihitajiki kibali cha Bunge, gharama ni mafuta ya gari na chakula, na mkubwa akishamjua mwenzake kwa sura, simu moja inaweza kumtoa mvuvi aliyeshikiliwa kwa kupotea maji.

Nimewahi kukaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo, kiti cha nyuma, nikiwa na wawakilishi wa wafanyabiashara wadogo. Asubuhi nzima ilikwenda kwa mkalimani wa Kireno. Neno "ushuru" peke yake lilikula muda, maana kila upande ulikuwa na ushuru wake kichwani: huku tunamaanisha wa halmashauri, kule walielewa wa forodha. Wakati wa chai, ofisa mmoja wa huku na mmoja wa kule wakagundua ni Wamakonde wa ukoo mmoja. Wakasimama chini ya mwembe, vikombe mkononi, wakaimaliza kwa Kimakonde kile ambacho ukumbini kilikuwa hakijaisha: siku za soko zipishane, gulio la upande huu lisigongane na la upande ule, ili mchuuzi apate yote mawili. Waliporudi ndani ikaandikwa kuwa azimio. Nikafurahi sana siku ile.

Miezi kadhaa baadaye kiongozi aliyeongoza ujumbe wetu akahamishwa. Nikaenda kwenye ofisi moja kuulizia azimio limefikia wapi. Kijana wa masjala alinipokea vizuri, akatafuta, akaniambia jalada huenda liko kwenye kabati la mwisho, ufunguo alikuwa nao mtu ambaye naye amehama. Sikumlaumu kijana. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakuna aliyekabidhiwa kukitunza. Magulio yanagongana mpaka leo.

Hapo ndipo udhaifu wa njia hii ulipo wote. Urafiki ni wa watu, na watu huhamishwa. Mkuu mpya anaanza upya na ngoma mpya.

Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara

Desemba 2004, mjini Lilongwe, Tanzania, Msumbiji, Malawi na Zambia zilikubaliana juu ya ushoroba huu. Wazo lake ni kubwa na mimi nalipenda: bandari ya Mtwara, yenye kina cha asili, iwe mlango wa bahari kwa watu wa Ziwa Nyasa na kwingineko, makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga vipate njia, reli iende hadi Mbamba Bay.

Tusiidharau njia hii, maana kuna mambo ambayo mikoa haiwezi hata ikiungana kumi. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, ni mfano. Mwalimu Nyerere na Samora Machel walilizungumza tangu 1975. Marais Kikwete na Guebuza walilifungua Mei 2010, mita 720 za zege juu ya Ruvuma. Hakuna halmashauri yenye kifua cha kujenga mita hata ishirini za kitu kile.

Lakini nenda ukasimame pale. Nilisimama asubuhi nzima mara moja, magari niliyoyahesabu hayakumaliza vidole vya mikono miwili. Huku kwetu lami imefika darajani. Kule Negomano, kwa miaka mingi iliyofuata, njia ya kwenda Mueda ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, zaidi ya kilomita mia na hamsini. Kisha Oktoba 2017 mashambulizi ya wanamgambo yakaanza Mocímboa da Praia, na safari ikawa na hofu. Kilambo nako, njia iliyo karibu na watu wengi wa Mtwara mjini na Palma, mto unavukwa kama ulivyovukwa enzi za babu, kwa kutegemea maji na upepo.

Serikali kuu ikiongoza, hupanga kutoka juu ya ramani. Huona bandari, mgodi na daraja. Huyu mwenye ndoo ya chumvi haonekani kwenye ramani ya ukubwa ule, na wala sidhani ni kosa la waliopanga. Yeye alihitaji mtu wa karibu wa kumwona.

Baraza la kudumu: mfano wa Kaskazini-Magharibi ya Amerika

Mwaka 1991 mabunge ya majimbo kadhaa ya Marekani na Kanada, upande wa bahari ya Pasifiki, yalipitisha kila moja sheria ya kuunda chombo cha pamoja kiitwacho PNWER, yaani Kanda ya Kiuchumi ya Kaskazini-Magharibi ya Pasifiki. Leo kina majimbo matano ya Marekani (Alaska, Idaho, Montana, Oregon na Washington) na upande wa Kanada majimbo matatu, British Columbia, Alberta na Saskatchewan, pamoja na maeneo mawili, Yukon na Northwest Territories. Sekretarieti iko Seattle. Uongozi huzunguka. Kazi hufanywa na vikundi vya fani, nishati, kilimo, mipaka, usafirishaji, na kwenye vikundi hivyo mtu wa serikali hukaa meza moja na mtu wa biashara.

Nitakaa hapa zaidi, maana nadhani ndipo tuna cha kujifunza.

Tazama suala la kuvuka mpaka. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Marekani iliamua kuwa hata raia wake wakitoka Kanada kwa barabara waonyeshe pasipoti au hati inayolingana nayo. Watu wa mpakani walishtuka: familia zimegawanyika pande mbili, biashara za kila siku, na Vancouver ilikuwa inajiandaa kwa Olimpiki ya 2010. Baraza hili lilikuwa miongoni mwa waliosukuma suluhisho la leseni ya udereva iliyoboreshwa, yenye uthibitisho wa uraia ndani yake. Jimbo la Washington likaanza kuzitoa mwaka 2008, na zikakubaliwa kwenye vituo vya nchi kavu na bandarini. Angalia walivyocheza. Mpaka ni wa serikali kuu, hawakuugusa. Leseni ni ya jimbo, wakaiboresha. Kisha wakaiomba serikali kuu iitambue.

Sisi leseni si ya mkoa, lakini nani anamjua mkazi wa kijiji cha mpakani kumzidi mtendaji wa kijiji chake? Daftari la wakazi analo yeye. Halmashauri ikilisafisha daftari hilo, likawa linaaminika, likaendana na kitambulisho cha taifa, ndipo mtu anaweza kwenda Uhamiaji na kusema: hawa ndio wakazi wetu wa kando ya mto, tuwekeeni utaratibu mwepesi wa kuvuka siku za soko. Ombi lenye daftari nyuma yake husikilizwa tofauti na ombi la maneno.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu sisi ni watu wa korosho. Kule wana shida ya kome wageni, wadogo kabisa, wanaong'ang'ania kwenye maboti, wakiingia ziwani huziba mabomba ya maji na ya umeme. Maboti hubebwa kwa magari kutoka jimbo hadi jimbo. Kwa hiyo kuna vituo vya ukaguzi barabarani, na jimbo moja likikuta boti lenye kome humpigia mwenzake aliye mbele ya njia. Hilo ni suala ambalo baraza limelishikilia miaka.

Kome wetu ni ubwiriunga. Mkorosho ukishambuliwa wakati wa maua, unga mweupe hutanda kwenye shada na punje hazishiki. Ugonjwa huu husafiri kwa upepo, na upepo wa Ruvuma hauombi kibali. Mkulima wa Tandahimba akipuliza salfa kwa wakati, na shamba lililo ng'ambo likiachwa, vimelea wanao pa kuishi mpaka msimu ujao. Kituo cha utafiti cha Naliendele, hapo nje kidogo ya Mtwara mjini, kina ujuzi wa korosho wa miaka mingi. Sioni kwa nini hakuna simu moja ya kudumu kati ya mabwana shamba wa kando mbili za mto kila Juni na Julai, ya kuambiana: kwetu maua yametoka, kwenu je? Kinachokosekana hapo ni mtu wa kupiga, wala si mkataba.

Na kuna jambo la ramani. Oregon haigusi Kanada. Kati yake na mpaka imelala Washington nzima. Hata hivyo imo tangu mwanzo. Hii ndiyo hoja yangu kwa ndugu zetu wa Lindi, ambao mara nyingi husema mambo ya Msumbiji ni ya Mtwara na Ruvuma. Kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa Nachingwea, mkoani Lindi. Gesi ya kina kirefu inayosubiriwa Likong'o, Lindi, na ile ya Afungi, Palma, zinahitaji mafundi wa aina moja. Lindi aingie.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Baraza lile hulipiwa kwa ada za majimbo na michango ya makampuni. Majimbo yale yana bajeti zao, mabunge yao, kodi zao. Halmashauri ya huku ina ushuru wa mazao, na korosho ikishuka bei, hata posho za vikao huyumba. Tukisema kila mwanachama alete ada, mwaka mbaya utatuua. Na tukisema makampuni yachangie, basi wenye kuchangia sana watakaa karibu na kiti, na kwetu wenye uwezo huo ni wa gesi na wanunuzi wakubwa. Sitaki baraza ambalo muuza chumvi anaambiwa asubiri nje. Viti vya wafanyabiashara wadogo viandikwe kwenye kanuni tangu siku ya kwanza, visiuzwe.

Chombo chenye nafsi ya kisheria

Ulaya wamekwenda mbali kuliko wote. Mwaka 1958, eneo la Gronau, manispaa za Ujerumani na Uholanzi zilianza EUREGIO. Mwaka 1980 Baraza la Ulaya likatoa mkataba wa mfano uliosainiwa Madrid, na 2006 Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni inayoruhusu serikali za mitaa za nchi mbili kuunda chombo kimoja kinachoajiri, kinachomiliki, kinachoshtaki na kushtakiwa.

Matunda yake mazuri kuliko yote kwa macho yangu ni hospitali ya Cerdanya, kwenye milima ya Pirenei. Bonde moja, lililogawanywa na Ufaransa na Hispania kwa mkataba wa mwaka 1659. Hospitali imejengwa Puigcerdà, upande wa Hispania, ikafunguliwa 2014, inahudumia wakazi kama elfu thelathini wa pande zote mbili, na wauguzi na madaktari wake wanatoka nchi zote mbili. Walipofungua ndipo wakagundua maswali ambayo hakuna aliyeyaandika: mtoto wa Kifaransa aliyezaliwa kule asajiliwe wapi? Maiti ivushwe mpaka kwa karatasi gani, kilomita chache tu hadi kaburini? Daktari wa upande mmoja aandike dawa ya duka la upande wa pili?

Nilipoyasoma maswali hayo nilifikiria zahanati zetu za kando ya Ruvuma. Uchungu wa kuzaa hautazami ni zahanati ya nchi gani iliyo karibu. Kwa hiyo njia ya Ulaya inanivutia moyoni. Ila nakuomba uangalie nani aliijenga ile hospitali: sehemu kubwa ya fedha ilitoka Umoja wa Ulaya. Na nyuma yake kuna kanuni inayozibana nchi zote mbili. SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ambako sisi na Msumbiji tumo pamoja, haina mfuko wa ukubwa ule. Afrika tuna Mkataba wa Niamey wa ushirikiano wa mpakani, uliopitishwa Malabo Juni 2014, unaozitambua serikali za maeneo kama washirika. Ni msingi mzuri wa kutaja kwenye barua. Kujenga chombo kizima juu yake leo ni kujenga ghorofa kabla ya kuchimba kisima.

Tuzipime kwa mzigo uleule

Namna nzuri ya kuchagua mtumbwi ni kuutia mzigo. Tutie mizigo mitatu.

Ndoo ya chumvi kwanza. Mama mwenzake aliye Mutukula, mpakani na Uganda, mzigo wake usiozidi thamani ya dola 2,000 unapita kwa cheti rahisi cha uasilia, cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wa Kilambo hana hicho, kwa kuwa Msumbiji haimo kwenye Jumuiya. COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nayo ina utaratibu wake kwa wadogo, lakini Tanzania ilijitoa mwaka 2000, na Msumbiji imo nje vilevile. Soko huru la SADC lipo tangu 2008, lakini karatasi zake hazikuandikwa kwa mtu wa ndoo. Kikao cha ujirani mwema kitamhurumia. Ushoroba hautamwona. Chombo cha Ulaya kingemtatua, baada ya miaka kumi. Baraza lenye katibu linaweza kukusanya kesi mia za kina mama kama yeye, kuziandika kwa Kiswahili na Kireno, na kuzipeleka Dodoma na Maputo kwa wakati mmoja. Hapo napata jibu langu.

Mama mjamzito ni mzigo wa pili. Hapa baraza na chombo cha kisheria wanakaribiana. Kadi ya kliniki yenye lugha mbili, chanjo zinazotambuliwa pande zote, namba ya simu ya gari la wagonjwa: hayo yote yamo ndani ya uwezo wa halmashauri na wilaya za kule. Usajili wa mtoto utabaki wa serikali kuu.

Mzigo wa tatu ni usalama, na hapa nasema wazi kwamba baraza halifai. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Machi 2021 Palma ikaangukia mikononi mwa wavamizi, na watu wakakimbilia mtoni na baharini. Mambo haya ni ya majeshi na ya wakuu wa nchi. Mkoa una kamati yake ya ulinzi na usalama, na iendelee na kazi yake. Baraza la mikoa likijitia humo litafungwa mlango, na haki yake. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba mpaka ukifungwa kwa sababu za ulinzi, kuna mtu anayejua ni wagonjwa wangapi wa dawa za kila mwezi wamekwama upande usio wao.

Maji ya mto wenyewe nayapitia haraka. Karibu theluthi mbili ya bonde la Ruvuma iko Msumbiji, theluthi moja kwetu, kipande kidogo Malawi, na kuna kamisheni ya pamoja ya maji ya nchi mbili tangu 2006. Hiyo ibaki ilipo.

Ningeanzaje

Kama uko kwenye kamati inayochagua, ningekushawishi hivi. Usivunje vikao vya ujirani mwema, vitie uti wa mgongo. Moyale inatuonyesha njia: Desemba 2015 Rais Kenyatta wa Kenya na Waziri Mkuu Hailemariam wa Ethiopia walikwenda wenyewe mpakani kuzindua mpango wa ushirikiano wa Marsabit ya Kenya na Borana ya Ethiopia. Wakubwa walitoa baraka, kazi ikaachwa kwa watu wa maeneo. Nasi tuombe baraka ya ukurasa mmoja kutoka serikali zote mbili, itaje wazi yale yasiyoguswa, ulinzi, uhamiaji na forodha, ili wakubwa wasihofu.

Kisha tuajiri watu wawili kabla ya kujenga chochote. Katibu mmoja Mtwara, mmoja Palma au Pemba kadiri hali itakavyoruhusu. Wote wajue Kiswahili na Kireno, na Kimakonde wasikose. Ajira zao zisifuate uhamisho wa mkubwa yeyote. Mishahara igawanywe kwa halmashauri tisa za Mtwara, na za Lindi zikikubali, kiasi kidogo kwa kila moja, kilipwe mara tu msimu wa korosho unapofungwa, ushuru ukiwa bado haujatumika.

Mwaka wa kwanza wapewe kazi tatu tu. Kalenda ya magulio ya pande mbili, ibandikwe Kilambo, Mtambaswala na kwenye vivuko vyote vidogo. Simu ya ubwiriunga kila msimu wa maua. Kadi ya kliniki ya lugha mbili. Ukiona mjumbe anadai ya nne na ya tano kabla hizi hazijasimama, nang'olo, yaani mzee wangu, mwambie asubiri.

Na kila azimio liandikwe kwenye daftari lenye nakala mbili, moja huku, moja ng'ambo, na funguo za kabati wawe nazo makatibu wote wawili.